Tunamlilia Binti wa Delhi, Tunamcheka wa Butiama

Ndugu msomaji, naanza na kibanda umiza. Wewe wa Musoma unakijua: mabenchi ya mbao, turubai jeusi mlangoni, joto la watu na harufu ya karanga. Kiingilio Sh 500. Kama huna, unambembeleza mwenye kibanda akuache usimame nyuma. Jumamosi moja mwaka jana, pale Nyasho, ulipigwa mkanda wa Kihindi unaoitwa Pink. Ni wa mwaka 2016, umeongozwa na Aniruddha Roy Chowdhury, na ndani yumo mzee Amitabh Bachchan, yule ambaye hata bibi yangu asiyejua Delhi iko upande gani anamtaja kwa jina.

Kisa chenyewe ni hiki. Wasichana watatu wana kazi zao na wamepanga nyumba pamoja jijini Delhi. Usiku mmoja, baada ya onyesho la muziki, wanakwenda kula na kunywa na vijana wa kiume nje ya mji. Kijana mmoja, Rajveer, mtu wa ukoo wenye wakubwa, anataka kumlazimisha Minal. Minal anakataa. Jamaa hasikii. Minal anamtwanga chupa ya kichwa na kukimbia na wenzake. Unadhani nani anakamatwa? Minal! Anashitakiwa kwa kutaka kuua, na juu yake wote watatu wanabandikwa umalaya. Amitabh, wakili mzee aliyekwisha acha kazi, anavaa tena joho lake na kwenda kuwatetea.

Sasa sikiliza yaliyotokea kibandani. Mkanda ulikuwa umetafsiriwa, unajua tena, sauti ya mtafsiri imewekwa juu ya Kihindi. Basi kila wasichana wale wakitokea, mtafsiri anatia chumvi zake: "Haya, si mlifuata vya bure?" Kibanda kizima kicheko. Ikafika pale wakili mwenyewe anapomuuliza Minal mbele ya watu kama ni bikira, naye anajibu si bikira. Jamani! Makelele yaliyopigwa! "Kesi imekwisha! Kajitakia huyo!" Mshikaji mmoja wa benchi la mbele akasimama kabisa, akatugeukia kama vile yeye ndiye hakimu.

Mwishoni Amitabh anaieleza mahakama kwamba mwanamke akisema hapana basi ni hapana, awe rafiki yako, awe mkeo, awe hata mwanamke anayeuza mwili. Watu walewale wakapiga makofi. Wengine machozi yaliwalenga. Na mimi nilipiga. Lakini nikiwa njiani kurudi Bweri nikajiuliza: tulikuwa tunampigia nani? Tulimpigia Amitabh. Minal tulikuwa tumekwisha mhukumu zamani.

Tena tulipotoka tu nje, bado makofi yako mikononi, akapita binti mmoja na sketi yake fupi, anarudi zake kwao. Sitaandika aliyoambiwa. Wewe ni kijana wa mjini, unayajua.

MKANDA WA KWETU

Kuna watakaosema hayo ni ya Wahindi, matajiri wa Delhi, sisi tuna ugali na dagaa wetu. Haya, basi niwape wa kwetu. Hauna nyimbo.

Mwaka 2017 nilikuwa kidato cha tatu, nikiishi Butiama kwa mama mdogo. Binti yake alikuwa kidato cha pili, shule moja na mimi. Kwetu huyo ni dada yangu, hakuna cha binamu. Siku moja wasichana wote walipangwa mstari kwenda kupimwa mimba. Wavulana hatukupangwa mstari wowote. Sisi tulijazana madirishani kuchungulia na kutaniana ni nani atakayekamatwa. Nilicheka na wenzangu mpaka zamu ilipomfikia dada. Mchana ule alirudishwa nyumbani na barua.

Mwaka huohuo, tarehe 22 Juni, Rais Magufuli akiwa ziarani mkoa wa Pwani alitangaza kwamba katika utawala wake mwanafunzi aliyezaa hatarudi shuleni. Wapo waliolia, na wapo wengi walioshangilia. Lakini tusimtwishe marehemu mzigo wote. Wasichana walikuwa wakifukuzwa miaka mingi kabla yake. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili. Neno mimba halikuandikwa humo, ila wakubwa wa shule walijua kulisoma. Na wakisema maadili, maana yake ilikuwa tumbo la msichana.

Je, yule bwana? Alikuwa na duka Bunda, ana mke, ana watoto, michango ya harusi anatoa na kiti cha mbele anakalia. Sheria ya kumkamata ilikuwepo. Mwaka mmoja tu nyuma, 2016, Sheria ya Elimu ilikuwa imerekebishwa: anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au wa sekondari, kifungo cha miaka 30. Miaka 30, bwana! Lakini nyumbani wazee walikaa, wakasemezana kwa upole, tusimharibie mtu maisha, yule ni mtu mwenye familia. Mambo yakaisha kwa ng'ombe wanne.

Mimi ndiye niliyetumwa kwenda kuwachukua. Niliwaswaga kutoka Nyamuswa hadi Butiama na kijana mwingine, tukafika nimechubuka miguu. Nikapewa soda na Sh 2,000. Mwezi uliofuata ng'ombe mmoja aliuzwa mnadani, nikalipiwa hosteli na kununuliwa viatu vya shule. Nimeona haya kuyaandika haya kwa miaka mingi. Dada yangu alitoka shule kwa mimba ile, na mimi nikabaki shule kwa mimba ileile.

Kwa hiyo usinione nimepanda jukwaani kuwahubiria wenzangu. Viatu vile nilivivaa.

SHERIA ZILIZOJAA MATUNDU

Usidhani wazee wa kwetu peke yao ndio wenye mizani mbili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimtaka mvulana afikishe miaka 18 ndipo aoe. Msichana? Miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa kibali cha mahakama. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ikasema kulala na msichana chini ya miaka 18 ni ubakaji, hata akiwa ameridhia. Safi kabisa. Kisha ikaongeza: isipokuwa awe ni mkeo, naye ametimiza miaka 15. Yaani kosa linaweza kukukuta Jumatatu, ukalipa mahari Jumanne, Jumatano ukaitwa bwana harusi.

India nako walikuwa na tundu kama hilo, mke wa miaka 15 hahesabiki. Mahakama ya Juu ya kwao ililiziba Oktoba 2017, na umri ukapandishwa hadi 18. Kwetu mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, aliipeleka Sheria ya Ndoa mahakamani, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu vile vinapingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa. Fikiri, ndugu yangu, serikali inakata rufaa kutetea ndoa ya binti wa miaka 15! Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo Oktoba 2019.

Tarehe 24 Novemba 2021 mlango wa shule nao ukafunguliwa: waliokatisha masomo kwa mimba waliruhusiwa kurudi, lakini ndani ya miaka miwili. Dada yangu alikuwa na miaka minne nje. Nilimpelekea habari ile mbio mbio, pale Mwigobero anapouza dagaa. Alinisikiliza huku anapima visado, akamrudishia mteja chenji, akasema, "Hongera zao." Basi.

TUNAVYOSEMA NDIVYO TULIVYO

Sasa nakuja kwetu sisi wenye kalamu, maana gazeti hili ni letu.

Sikiliza Kiswahili chetu kinavyosema. "Amepata mimba." Amepata, kama mtu aliyepata malaria, au aliyeokota shilingi njiani. Aliyepata tunamjua na kwao tunakujua, aliyetoa hayumo katika sentensi. "Binti ameharibika." Kama nyanya ya juzi. Mvulana haharibiki, yeye anakomaa. Mwanamke akiwa na wapenzi watatu ni kicheche, ni changudoa, ni jamvi la wageni. Mwanamume akiwa nao sita ni kidume, ni jogoo, ni kiwembe, na anaitwa hivyo huku anapigwapigwa begani. Malaya ni neno linaloweza kumkaa yeyote, lakini hebu sema "malaya yule" halafu uone msikilizaji wako amefikiria nani.

Kuanzia mwaka 2008 redio zilituletea Fataki, lile jibaba linalonyemelea wanafunzi. Jina likashika kuliko mafua, nilikuwa mdogo nalikumbuka. Lakini tulilifanyia nini? Tuliligeuza kichekesho. "Ah, mzee fataki wewe!" na mzee mwenyewe anacheka, analipa bia. Jina lililotungwa kumtia mtu aibu tukamfanyia la kumpamba.

Mtu akiniambia haya ni maneno matupu, namjibu kwamba sisi tunaotaka kuwa waandishi hatuna mtaji mwingine. Mvuvi ana nyavu, sisi tuna maneno. Nyavu ikiwa na tundu upande mmoja, samaki wa upande huo ataponyoka kila siku.

"HUYU MWANAUME KAENDA WAPI?"

Miaka mitatu iliyopita nilimaliza hadithi niliyoiita Machozi ya Nyangeta. Daftari zima la kaunta buku. Nyangeta ni binti mzuri wa Bunda, rangi ya maji ya kunde, macho ya gololi. Anakwenda Mwanza, anapenda anasa, anapata mimba, mwanaume anatokomea gizani, Nyangeta anaitoa mimba kwa waganga wa vichochoroni, anakufa, mama yake analia juu ya kaburi, mwisho. Nilijiona Shaaban Robert.

Nikampa dada asome. Alikaa nayo siku mbili. Aliporudisha aliniuliza jambo moja tu: "Huyu mwanaume kaenda wapi?"

Nikamwambia ametokomea, imeandikwa, ukurasa wa 9.

"Ametokomea wapi? Wa kwangu hajatokomea. Namwona kila nikishuka Bunda."

Sikuwa na jibu. Nilirudi chumbani, nikachambua kurasa zangu. Rangi ya ngozi ya Nyangeta nilikuwa nimeieleza mara sita. Yule mwanaume hana kazi, hana mke, hata jina hana. Nilimpa kurasa 3, nikamfungulia mlango wa nyuma. Nilichokifanya kwa kalamu ndicho walichokifanya wazee kwa ng'ombe.

Na siko peke yangu, ndugu msomaji, nazisoma hadithi zenu. Ukichukua kumi wanazoleta vijana wenzangu kwenye vikao vyetu vya waandishi, katika nyingi msichana "mwenye tamaa" anakufa au anapata ukimwi mwishoni ili tufundishike. Tunauita mwisho wenye funzo. Funzo kwa nani? Mwanaume akisoma hadithi hiyo anajifunza kwamba mambo yakimchachia, atokomee.

Tena hatuwezi kusema hatukuwa na mwalimu. Ukishuka Bunda ukachukua barabara ya Kisorya na kupanda kivuko, ng'ambo ya pili ni Ukerewe. Huko Namagondo alizaliwa Euphrase Kezilahabi, aliyetutoka mwaka 2020. Mwaka 1971 alitoa Rosa Mistika, na kwa muda riwaya hiyo ikapigwa marufuku mashuleni. Wakasema ina uchafu. Mimi nimeisoma mara nne, na nasema wazi: kilichowachoma wakubwa hakikuwa kitanda, kilikuwa kioo. Baba anayempiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana yumo, tena kwa jina. Watu wazima wenye vyeo wanaomtumia msichana wamo. Mchumba anayemkataa kwa kuwa si bikira yumo. Rosa anakufa, ndiyo. Lakini Kezilahabi hakumruhusu mwanaume hata mmoja kutokomea kabla msomaji hajamtazama usoni. Sisi tumechukua kaburi la Rosa tukaacha wanaume wake.

Sasa nikikumbuka kelele za kibanda pale Minal alipoulizwa ubikira, naona ni swali lilelile la mchumba wa Rosa. Kati ya riwaya ile na mkanda ule kuna miaka 45 na bahari nzima. Na hakuna hata mmoja pale Nyasho aliyepaza sauti kuuliza: je, Rajveer naye ni bikira?

WATAKAOBISHA

Nawajua. Wa kwanza atasema, "Wasichana wenyewe wanapenda chipsi na lifti." Wapo, sikatai. Lakini mtoto wa kidato cha pili akipenda chipsi, na mtu mwenye duka na watoto wanne akapenda mtoto wa kidato cha pili, wewe unamgombeza nani kwanza?

Wa pili atasema, "Unavuruga mila za Mara." Mila zipi? Mwaka 2018 mwanamama wa Kanada, Giselle Portenier, alitoa filamu iitwayo In the Name of Your Daughter, aliyoipiga humuhumu mkoani, wilaya ya Serengeti. Inaonyesha wasichana wanaokimbia makwao mwezi Desemba ili wasikeketwe, wanakwenda kulala nyumba salama. Kwenye kibanda chetu sijaiona hata siku moja. Ukiuliza kwa nini msichana akeketwe, utaambiwa ili atulie. Mvulana naye anatahiriwa, lakini yeye akitoka pale anaambiwa sasa wewe ni dume, nenda! Huyu atulie, yule aende. Na anapokwenda, anakwenda kwa nani kama si kwa binti wa mtu?

Halafu, kama ni Mara, basi tumsikilize Mmara mmoja. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, baba yake Chifu Burito akiwa na wake 22. Ukoo huo ungetosha kumfanya aone kila kitu ni sawa. Lakini mwaka 1944, kijana bado, mwanafunzi wa Makerere, aliandika insha ndefu juu ya uhuru wa wanawake. Alikuwa na umri kama wangu na wako. Wageni wanakuja kutoka mbali kuona makumbusho yake Butiama, wanapiga picha kaburini, wanaondoka. Sisi wenyeji tunauza soda nje ya geti, na insha ile hatuijui.

Wa tatu atasema, "Wewe umejuaje, wewe si mwanaume?" Huyo ana haki. Ningependa kurasa hizi ziandikwe na dada yangu. Ila yeye saa kumi alfajiri yuko ufukweni anasubiri mitumbwi, na mimi nina cheti cha kidato cha nne kilichotokana na ng'ombe wake.

NINACHOTAKA

Nataka mambo matatu, na nayataka kwenu waandishi chipukizi kabla sijayataka kwa serikali.

Kwanza, mpe mwanaume jina. Mpe kazi, mke, kanisa au msikiti anaoswali, kiti anachokalia harusini. Mfuate mpaka nyumbani kwake baada ya tendo, uone analala vipi.

Pili, acha kumuua msichana kila mara. Wengi wao hawakufa. Wako Mwigobero, wako stendi ya Bunda wanauza ndizi, wako Dar wanafua nguo za watu, wanalea. Kuishi baada ya kufukuzwa ni hadithi ndefu kuliko kaburi, na ni ngumu zaidi kuiandika. Ndiyo maana tunaikimbia.

Tatu, andika nawe ulikuwa wapi. Siku ile ya kupimwa ulikuwa dirishani au hukuwa?

Mimi Machozi ya Nyangeta nimeyachana. Naanza upya. Ukurasa wa kwanza kuna vijana wawili wanaswaga ng'ombe wanne kutoka Nyamuswa, jua linachomoza, wanapiga miluzi, wanafurahi. Hawajui wamebeba nini. Au tuseme mmoja anajua.

Kurasa 12 za mwanzo nimempelekea dada. Hajasema nzuri wala mbaya. Kaniambia tu ng'ombe mmoja alikuwa mwekundu mwenye baka jeupe, mimi nimeandika wote weusi, nikarekebishe.

Anayebisha na abishe, kurasa ziko wazi toleo lijalo. Ila aje na jina la mwanaume.